Mkataba wa kituo cha afya: pesa zikichelewa, mzigo ni wa nani?

Swali: Mimi ni prezida wa CODESA, yaani kamati ya afya ya wananchi, katika eneo moja la afya hapa Katuba, Lubumbashi. Titulaire wetu, yaani muuguzi mkuu wa kituo, ametuletea mkataba mrefu wa Kifaransa na anataka tuusaini kabla ya Ijumaa. Unasema kituo kitalipwa kila miezi mitatu kulingana na kazi iliyofanyika, na bei wanazolipa wagonjwa zishuke. Wafanyakazi wamefurahi, wameanza kuhesabu primu, yaani nyongeza juu ya mshahara. Mimi nina wasiwasi. Pesa zikichelewa tutamdai nani? Na tunaruhusiwa kukataa?

Jibu: Mama Prezida, jambo sana. Watu wengi wanaoniletea mikataba ya namna hii huniuliza juu ya jedwali la bei lililo kurasa za nyuma: uzazi mmoja unalipwa ngapi, mtoto aliyemaliza chanjo analipiwa ngapi. Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye deni. Jibu langu kwa ufupi: sainini, ila msishushe bei za wagonjwa hata franka moja kabla malipo ya kwanza hayajaingia kwenye akaunti ya kituo, na jambo hilo liwe limeandikwa. Sababu ni ndefu kidogo, unisikilize.

Kwa unavyoueleza, huo ni mkataba wa ununuzi wa utendaji. Zamani mradi ulipoingia kituoni ulileta vitu: katoni za dawa, magodoro, pikipiki, na primu isiyobadilika. Mzalishe akina mama kumi au mia, primu ni ileile. Mwaka 2005 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa PARSS, wa kufufua sekta ya afya, wa dola milioni 150, na mashirika yasiyo ya kiserikali yakapewa mikataba ya kusaidia zoni za afya, yaani maeneo yenye vituo kadhaa chini ya daktari mkuu mmoja. Mwishoni mwa 2014 ulipitishwa mradi mwingine, PDSS, na huo ndio ulioeneza ununuzi wa utendaji katika majimbo mengi, Haut-Katanga likiwamo. Mfuko wa mradi hauleti tena magodoro. Unanunua kazi ambayo imekwisha kufanyika na ikahakikiwa, kisha kituo chenyewe kinaamua kama kinahitaji godoro au rangi ya ukuta.

Ili hilo lisigeuke kuwa wizi, kazi zimegawanywa. Divisheni ya Afya ya Jimbo inaweka kanuni na kusimamia. Mfuko wa ununuzi, ambao katika majimbo yetu uliundwa kama taasisi ya manufaa ya umma inayoitwa EUP-FASS, unashika mkataba na kuhesabu kazi. Biro Kuu ya zoni inapima ubora. Kituo kinatoa huduma. Vyama vya mtaani vinatumwa kuuliza wagonjwa majumbani kama kweli walitibiwa, walilipa ngapi, na walipokewaje. Ninyi CODESA mko upande wa kituo, lakini mnaketi pale kwa niaba ya wanaolipa fishi, ile karatasi ya kupokelewa kituoni. Usikubali mtu akusahaulishe hilo siku ya kugawa primu.

Sasa tazama jinsi pesa yenyewe inavyozaliwa. Mhakiki wa mfuko anafika mwanzoni mwa mwezi, anakaa na rejista ya uzazi na rula. Anashuka mstari kwa mstari. Mstari usio na umri anaukata. Usio na avenyu na namba ya nyumba anaukata. Uzazi usio na jina la aliyezalisha, au wenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu) tupu, nao unaweza kwenda na maji. Ripoti ya mwezi ikisema 42 na rejista ikionyesha 38, mtalipwa 38, na pengo likizidi kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo kuna adhabu juu yake. Halafu yanachaguliwa majina kwa kura, na watu wa chama cha mtaani wanaanza kutembea: avenyu hii, namba hii, mama fulani aliyejifungua tarehe fulani. Wakifika na kukuta kwenye namba hiyo ni mahali pa kuziba matairi, na fundi hajawahi kusikia jina hilo, mnaandikwa mgonjwa hewa. Wagonjwa hewa wakiwa wengi mkataba unaweza kusimamishwa. Nakueleza kwa kirefu kwa sababu vituo vingi vya mjini havipotezi pesa kwa uongo, vinazipoteza kwa uvivu wa kalamu. Muuguzi wa zamu ya usiku amezalisha vizuri, mama na mtoto wazima, asubuhi amechoka, ameandika jina moja tu na "Katuba". Hiyo kazi haijalipwa.

Kila miezi mitatu inakuja alama ya ubora. Watakagua friji ya chanjo na karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni, shimo la kuchomea taka, maji ya kunawa, dawa zilizopo siku hiyo, faragha ya chumba cha kuzalia. Alama hiyo ndiyo inayoongeza malipo au kuyapunguza.

Tufanye hesabu ya kubuni, isiwe bei yenu. Kituo kinazalisha akina mama 30 kwa mwezi, bei ya mfuko ni dola 10. Ni dola 300 kwa mwezi, 900 kwa robo mwaka. Kazi imefanyika Januari hadi Machi. Uhakiki wa mwezi wa mwisho na alama ya ubora vinamalizika Aprili. Hati ya madai inapitishwa kwenye kikao cha uthibitisho, inapanda, inapata sahihi zake, inashuka benki. Kila mtu akifanya kazi yake bila kuchelewa, pesa inaonekana Mei au Juni. Basi glavu alizotumia mkunga Januari zilinunuliwa na pesa ya nani? Na oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu? Kituo kinaikopesha serikali na mfadhili miezi mitano, bila riba, kwa pesa iliyotoka kwenye mfuko wa kanga wa akina mama wa Katuba. Jedwali la bei halikuambii hilo.

Ongeza sasa sharti la kushusha bei. Kituo chenu kinaishi kwa mapato ya kila siku: fishi, vipimo, dawa, kuzaa. Mishahara ya serikali inawafikia wachache, na najua kituoni kwenu, kama kwingine, wapo wauguzi wanaofanya kazi miaka mingi bila matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, wanaokula hayo mapato. Mkishusha bei Jumatatu na pesa ya mfuko ikaja baada ya miezi mitano, kati hapo mtafunga duka la dawa au mtaanza kuandikia wagonjwa karatasi wakanunue nje. Na mgonjwa aliyeandikiwa karatasi mara mbili, mara ya tatu anaenda kwa muuza dawa wa kona.

Malipo haya ya utendaji yamewahi kupimwa hapahapa kwetu. Kabla ya mgawanyo wa majimbo wa 2015, Haut-Katanga ilipokuwa bado wilaya ndani ya Katanga kubwa, watafiti walilinganisha makundi mawili ya vituo yaliyochaguliwa kwa kura. Moja lililipwa kulingana na idadi ya huduma, jingine lilipewa kiasi kisichobadilika. Kundi la utendaji lilijituma kweli: lilifanya mikutano zaidi ya kuhamasisha watu, likashusha bei za huduma zilizolengwa. Lakini wagonjwa hawakuongezeka kuliko kwenye kundi la pili, na mapato ya kituo yakapungua. Malipo yalipokoma, ari ya wafanyakazi ilikuwa imeshuka. Kundi lililolipwa kiasi cha kudumu halikukumbwa na hayo.

Usikimbilie kuutupa mkataba, maana upande wa Kivu Kusini wana hadithi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha zoni zilizolipwa kwa utendaji na zoni jirani zilizosaidiwa kwa njia ya kawaida. Zile za utendaji zilipata msaada wa nje wa takriban dola 2 kwa mtu kwa mwaka, nyingine dola 9 hadi 12, na zile zenye pesa kidogo ndizo zilizofanya vizuri zaidi. Watu hupenda kuzigonganisha tafiti hizi mbili kama timu za mpira. Kwangu zinajibu maswali tofauti. Ile ya Kivu inasema: kukipa kituo uhuru wa kutumia pesa yake, na kuihesabu kazi yake, kunashinda kukiletea katoni kisizoziomba. Ile ya kwetu inasema: kama pesa ni ileile na inafika kituoni kwa njia zote mbili, kuifunga kwenye idadi hakuleti wagonjwa peke yake. Mama mwenye uchungu hatoki nyumbani kwa sababu muuguzi ana mkataba. Anatoka akiwa na nauli na akijua hatazuiliwa kituoni kwa deni.

Kwa hiyo mnapousoma mkataba, tafuteni uhuru kabla ya bei. Je, kituo kina akaunti yake kwa jina lake? Sahihi za kutoa pesa ni za nani, na CODESA imo? Mnaruhusiwa kununua dawa wenyewe, na kutoka wapi? Mikataba mingi inataka mnunue kwenye ghala linalotambuliwa, na kwa Lubumbashi hapo watu wanafikiria CAMELU, ghala la dawa muhimu la mji. Hilo sawa, linawakinga na dawa bandia, mradi kuwe na kifungu kinachosema mfanye nini ghala lisipokuwa na dawa mnayoihitaji. Na bei za jedwali zimeandikwa kwa dola au kwa franka? Kama ni dola na mnalipwa franka, kwa kiwango cha siku gani: siku ya kazi, siku ya hati ya madai, au siku benki inapotoa? Franka ikiteleza katika miezi ile mitano, kifungu cha mstari mmoja kinaweza kula mshahara wa mlinzi.

Nirudi kwenye swali lako la kudai. Kituo cha serikali kwa kawaida si mtu mbele ya sheria, ni mkono wa serikali. Mfuko nao unafanya kazi ndani ya mfumo wa serikali. Ni vigumu mkono wa kulia kuushtaki wa kushoto, na si kwetu tu. Waingereza walipotenganisha mnunuzi na mtoa huduma katika mfumo wao wa afya wa taifa, sheria yao ya 1990 ilisema waziwazi kwamba mkataba kati ya taasisi mbili za mfumo huo hauzai haki wala wajibu wa kimkataba mbele ya sheria. Ugomvi ulipelekwa kwa waziri auamue. Waliuita mkataba, lakini meno yake yalikuwa ya kiutawala. Wenu huenda ni vivyo hivyo. Soma kifungu cha kutatua ugomvi: utakuta mazungumzo kwanza, kisha Divisheni. Msipoteze pesa kwa wakili. Andikeni barua siku ya kwanza ya ucheleweshaji, kwa tarehe, na nakala kwa daktari mkuu wa zoni na Divisheni, mkitaja kipindi na kiasi kilichothibitishwa. Barua hiyo haileti pesa kesho. Inazuia mtu kuja mwaka ujao kuwapa alama mbaya kwa kukosa dawa ambazo yeye ndiye hakuzilipa.

Kama kituo ni cha kanisa, mambo yanabadilika kidogo, kwa sababu mwenye kituo yupo na anaweza kudai. Lakini basi sahihi yake lazima iwemo. Titulaire peke yake hawezi kulifunga kanisa.

Kitu kingine ambacho watu hawakisomi ni kifungu cha kuvunja mkataba. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya afya iliyotegemea fedha hizo katika jimbo letu ikajikuta haina uhakika wa wiki inayofuata. Mikataba ya serikali ile humruhusu mnunuzi kuvunja kwa manufaa yake mwenyewe, bila wewe kukosa lolote. Tazameni kama na wenu unasema hivyo, taarifa ni siku ngapi, na kama kazi iliyokwisha kufanyika kabla ya taarifa italipwa. Hilo la mwisho likikosekana, lidaini.

Utaniuliza: mkataba umechapwa Kinshasa, kituo kimoja cha Katuba kitabadilisha nini? Mwili wake hamtaubadilisha, ni uleule kwa kila kituo. Lakini kuna kiambatisho kinachoitwa plan de management, mpango wa usimamizi, na hicho kinaandikwa na kituo chenyewe, kinajadiliwa, kinafanywa upya kila baada ya kipindi. Vituo vingi hunakili wa jirani na kubadilisha jina. Ninyi msifanye hivyo. Andikeni humo ratiba ya bei: leo kuzaa ni kiasi hiki, baada ya malipo ya kwanza kitashuka hadi kiasi hiki, baada ya malipo ya pili hiki. Andikeni kwamba malipo yakipita siku fulani bila kuingia, bei ya zamani inarudi hadi deni lilipwe. Mwambieni mhakiki usoni. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu na wao wamechoka kukuta maduka ya dawa matupu. Wakikataa, ombeni malipo ya awali ya kuanzia, yatakayokatwa kidogokidogo. Wakikataa na hilo, mnajua sasa mnaingia na nani.

Humohumo wekeni akiba. Kabla primu haijagawanywa, sehemu ya kila malipo itengwe kwa ajili ya dawa na vifaa vya robo inayofuata, na isiguswe. Hapa mtagombana na wafanyakazi, nakuambia mapema. Primu wanayoihesabu ni haki yao, na mwongozo wa mfuko kwa kawaida unaweka kikomo cha kiasi kinachoweza kwenda kwenye primu. Usomeni kwa sauti siku wote wapo, pamoja na mfanya usafi. Mgawo ufuate pointi zinazojulikana: cheo, siku za kazi, zamu za usiku. Nimeona kituo ambacho primu ya kwanza ilileta ugomvi kuliko miaka yote ya kukosa pesa, kwa sababu titulaire aliifanya hesabu peke yake ofisini. Na yule asiye na matrikule awekwe kwenye mgawo kwa jina, maana ndiye anayekesha.

Kuna jambo linanikera katika majedwali haya, nalo si la kwenu kulitatua ila mlijue. Kisicho na bei kinasahaulika. Uzazi una bei, chanjo ina bei, uzazi wa mpango una bei. Mzee wa presha au wa sukari mara nyingi hana mstari wake, na kituo kikianza kukimbiza mistari, mzee anasubiri kwenye benchi. CODESA inaweza kuwahesabu wazee hao na kuuliza kila mwezi wangapi walipokewa.

Sera ya kuzaa bila malipo, iliyozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na kupelekwa majimboni kwa awamu, itawagusa pia ikifika kwenu au kama imeshafika. Uzazi mmoja usidaiwe mara mbili kwa mifuko miwili bila kanuni iliyoandikwa kuruhusu. Ulizeni kwanza. Majina ya rejista ni yaleyale, na siku orodha mbili zitakapowekwa pamoja mtaonekana wezi hata kama mlidhani ni haki.

Najua pia kuna mtu kwenye kamati atasema: tuache mkataba, twende kwa kampuni ya madini. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na uchimbaji, na makubaliano yake yamejenga vituo kadhaa vizuri katika jimbo. Ila pesa ile inapenda kuta. Inajenga, inapaka rangi, inakata utepe, na swali la nani atanunua glavu mwezi wa saba halimo kwenye ramani ya jengo. Na Katuba haiko kwenye uzio wa mgodi wowote.

Kukataa mnaruhusiwa. Hakuna anayelazimishwa kusaini, na kituo kisicho na mkataba kinaendelea kuwa kituo. Lakini kukataa kabisa kuna gharama: jirani atasaini, atapaka rangi, atashusha bei, na wagonjwa wenu watavuka barabara. Ningekuwa mimi, nisingekataa, ningeomba siku kumi. Ijumaa ni tarehe ya titulaire na ya zoni, siyo ya sheria. Mwandikieni daktari mkuu wa zoni kwamba kamati inausoma, na mtafute mtu wa mtaani anayejua Kifaransa, mwalimu wa sekondari anatosha, awasomee kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili mbele ya kamati nzima. Kila ukurasa uwekwe sahihi fupi, si wa mwisho tu. Kiambatisho cha bei na mpango wa usimamizi vishikanishwe na mkataba siku hiyohiyo, visiletwe baadaye. Nakala moja yenye mihuri yote ibaki mikononi mwa CODESA, na kuanzia mwezi wa kwanza ombeni taarifa ya akaunti kutoka benki, kwa maandishi, hata mwezi ambao mnajua hakuna kilichoingia.